Tawi la Mkunazi Stesheni ya Nhlokoshane

Jumamosi saa nne asubuhi Hlengiwe Mchunu alishuka kwenye basi dogo la baba yake mdogo, Mfanafuthi, akiwa na tawi la mkunazi mkononi. Stesheni ya makaa ya mawe ya Nhlokoshane ilikuwa haina treni tena, na Jumatatu ingebomolewa. Mwaka 1971 mgodi uliporomoka juu ya watu arobaini. Kampuni ikalifukia shimo wiki hiyohiyo, ikaandika kwamba wote walikuwa wameacha kazi na kupanda treni kurudi kwao.

Hlengiwe alikuja kumchukua baba yake, mmoja wa wale arobaini, kwani kwa mila yao roho ya marehemu hurudishwa nyumbani kwa tawi la mkunazi. Anayeshika tawi huzungumza na marehemu wake tu. Akimjibu mwingine yeyote, marehemu habanduki.

"Kibali ni cha kuchukua mtu mmoja, mama," alisema mlinzi, Gumede.

"Usimsemeshe, ana tawi," alisema Mfanafuthi. "Mwenye mdomo leo ni mimi."

Hlengiwe alisimama mbele ya mabenchi, ambako wale arobaini walikuwa bado wanaingoja treni hiyo, akaita, "Macingwane! Twende nyumbani."

Hapo ndipo alipokosea. Macingwane ni jina la sifa la ukoo mzima wa Mchunu. Wanaume tisa waliinuka, wakajipangusa vumbi la makaa. Wa tatu, baba yake, alikuwa na masikio kama ya Hlengiwe. Bado alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane.

"Si ungeniambia nilete basi kubwa," Mfanafuthi alisema.

Gumede alihesabu. "Tisa. Mzee, watanifukuza kazi."

"Kitabu cha kampuni kinasemaje kuwahusu?"

"Waliondoka kwa treni. Wazima."

"Sasa hapa unamzuia nani?"

Gumede alifikiri, kisha akafungua geti.

Walipokuwa wakipanda, kijana mmoja mwembamba alitoka kwa wale waliobaki, akamshika Hlengiwe mkono.

"Dada, mimi ni Zwane, wa Nongoma. Kwetu hajabaki wa kuniita. Niite na mimi. Jina tu."

Baba yake alikuwa ameweka mguu mmoja ndani ya basi. Mguu wa pili ulikuwa bado chini. Alikuwa akiutazama mdomo wa binti yake.

Hlengiwe aliuma midomo hadi ikatoka damu. Mkono wa Zwane ulikuwa wa baridi na haukuwa na nguvu. Alijinasua.

"Panda, baba," alisema. "Tunaondoka sasa."

Baba akapanda.

Njia nzima Hlengiwe alimtajia mito na madaraja, kama inavyotakiwa ili marehemu asipotee. Nyumbani alilaza tawi ndani ya kibanda, chini ya ukuta wa nyuma, mbuzi akachinjwa, na wale wanane wengine wakapewa mikeka. Mwiko ulipokwisha na ulimi wa Hlengiwe ukafunguliwa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Zwane."

"Huko ni mbali, mwanangu," alisema Mfanafuthi. "Hakusikii."

Aliita tena, mara nyingi, akiwa amesimama uani, hadi sauti ikamkauka.

Jumatatu mashine zilifika Nhlokoshane. Gumede aliwaomba wale thelathini na mmoja waliobaki wainue miguu kidogo, zipate kupita. Wakainua.