Ndoo ya Nne

Tangu achimbe bwawa, nyumbani walimwita Mapezi, na jina likamganda kama gundi. Asubuhi hiyo samaki wake walielea matumbo juu, bwawa zima jeupe. Waliosalia ni wadogo watatu na jike kubwa la perege, mama yao, akihema juu ya maji kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

"Baba, maji ya kijito yanayoingia bwawani yamewaua," Mapezi alisema.

Baba, mwenye kiwanja na neno la mwisho, hakusimama kitini. "Maji si mtu. Nitajie mtu, nami nitamkataza. Usipomtaja, kesho shimo lako nalijaza kifusi, kaka yako aanzishe hapo kazi ya kuosha magari."

Watu walikuwepo, tena wa damu. Kaka, fundi seremala, alikata miti yote ya ukingoni apate mbao, maji yakabaki yanaungua juani. Chini yake, maji yanakoteremkia, dada, dobi, humwaga povu. Chini ya dobi, mumewe analima mboga, na mbolea yake ya dukani huteremka kijitoni mvua ikinyesha. Ukimuuliza yeyote, jibu ni lilelile: kidogo tu.

"Tupime basi," alisema shemeji, mtu wa kupenda mechi alizokwisha kuzishinda.

Zikaletwa ndoo tatu za maji safi ya kisima. Moja ikaanikwa juani kwenye visiki vya kaka mpaka maji yakapata moto. Mbili zikakaa kivulini: hii ikatiwa kikombe cha povu, ile mbolea ya kujaa kiganja. Kila ndoo ikapewa samaki mdogo mmoja, na watu wakaenda kunywa chai.

Waliporudi, samaki wote watatu walikuwa wanazunguka, wazima wa afya.

"Wangu ananenepa!" shemeji akapiga kofi.

"Wangu kaoga, kang'aa," dobi akasema. "Mdogo wangu, labda wako walikufa kwa kukutazama usoni kila asubuhi."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Mapezi hakucheka. Alitazama jinsi ndoo zilivyokaa mbalimbali, kila moja na dhambi yake. Kijito hakikai hivyo. Akachota ndoo ya nne, akaianika juani mpaka ikapata moto uleule, akatia kikombe kilekile cha povu na kiganja kilekile cha mbolea. Akitia samaki mdogo yeyote kati ya wale, naye akifa, watasema alichoshwa na ndoo ya kwanza. Akashuka bwawani, akamnyanyua yule jike kwa mikono miwili, kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa.

Jike alizunguka ndoo, akazunguka tena. Akapanua mdomo. Akalala ubavu, akageuka tumbo, akatulia.



"Mmeona?" Mapezi akawageukia. "Mmoja mmoja hamuui. Mnaua mkiwa pamoja. Mkipunguza wote..."

"Subiri," kaka akamkata. "Ndoo yangu ina samaki hai. Ya dobi, hai. Ya shemeji, hai. Yenye maiti ni ya nani?"

Baba akainama juu ya ndoo ya nne. "Nani kachanganya?"

"Mimi, Baba, lakini..."

"Nilikwambia unitajie mtu. Umemtaja."

Dobi akamwaga maji ya ndoo kijitoni, maana ndoo ilikuwa yake na mashuka ya watu yalimsubiri. Samaki hakumtupa. Alimpara magamba palepale, na jioni jike akawa mezani, amekaangwa, mkia umewekwa upande wa Mapezi.

"Kula," shemeji akamhimiza. "Muuaji hanyimwi."

Nje, kaka alikuwa anashusha toroli la kwanza la kifusi. Kesho aliiona mbali. Mawe yakaingia bwawani, yakarusha maji.

Baba akatafuna, akasita, akakunja uso.

"Huyu samaki ana sabuni."

"Kidogo tu," akasema dobi, bila kuinua kichwa.

Baba akaafiki, akameza.