Saksafoni ya Mzee Sumari Haivuji

...hauzi, Elizabeth amesema hauzi, na bado anaifuta, kitambaa kinapita shingoni mwa ile saksafoni taratibu kama anamfuta mtoto mwenye homa, na Nkasiogi ameshika kikombe cha chai iliyoanza kuvaa utando wa maziwa, anajiuliza ni mjane gani Themi nzima anayekataa laki tano taslimu, laki tano za ndama aliyeuzwa, zimefungwa kwenye pindo la kanga hapa kiunoni, zinamchoma... "Siwezi kukuuzia kitu kibovu, Mama Lesian," Elizabeth anasema, "tumezikiana waume mimi na wewe," na ni kweli, siku ile ya kumzika mume wa Nkasiogi mvua ilinyesha, vijana wa matarumbeta wote wakakimbilia turubai, akabaki Sumari, mume wa Elizabeth, peke yake pembeni mwa kaburi anapuliza mpaka udongo ukaisha... kibovu, nani amesema ni kibovu, ni yeye Nkasiogi aliyesema, nani mwingine, Elizabeth alipoanza kutangaza laki tisa, na Sadoki, fundi wa matarumbeta, akamnong'oneza kwamba hiyo ni ya Wajerumani wa zamani, mama, haina hata tobo, ukiipata chini ya hapo kimbia nayo, naye laki tisa azitoe wapi, na mjukuu wake Naisiae ameambiwa na mwalimu wa bendi aje na chombo chake kabla ya Sikukuu ya Mavuno, ile ya kuazima inarudi kwa wenyewe... basi akasema kidogo tu, kwenye mashine ya kusaga, nimesikia wanasema ile ya Sumari inavuja pumzi, halafu saluni kwa Lilian, wanasema imeoza ndani, hilo la panya kuzalia humo si lake, hilo waliongeza wenyewe, na likafanya kazi, yule mnunuzi wa Moshi akakata simu, kwaya ya Ngaramtoni ikanyamaza, bei ikashuka yenyewe kama maji ya mfereji, tisa, saba, tano, kila kitu kilikwenda vizuri, ila umbea wa siku hizi hauna adabu, zamani neno lilizunguka mji mzima likampita mwenyewe tu, sasa linaingia mpaka sebuleni kwake linakaa kwenye kochi... Elizabeth anasema kitu, nini, anasema kifua, "...nami kila siku namgombeza, vuta pumzi, Baba Catherine, unazeeka vibaya. Kumbe anapuliza bati lililotoboka. Kifua kikamwisha hivi hivi, mimi ninacheka," na kitambaa kinasimama, kinaendelea, sasa huyu naye, Sumari alikufa kwa figo, daktari aliandika figo, jumuiya nzima ilichangia figo, kifua kimetoka wapi, kimetoka kwenye mashine ya kusaga, Nkasiogi, kimetoka kinywani mwako na pumba za mahindi... "Ningeuza hata mbuzi nimpelekee fundi. Nimeshindwa kulala nayo chumba kimoja. Kesho wa vyuma chakavu anapita, nitampa aipime kwa kilo, nisiione tena," kwa kilo, Bwana wangu, kwa kilo, na Naisiae je, na ile mvua, na yule mzee aliyelowa mpaka viatu kwa ajili ya mume wake Nkasiogi, anavuta pumzi moja ndefu hivi, kifua kimejaa, kizima kabisa, alikiona kwa macho yake... sema tu nichukue hivyo hivyo ilivyo mbovu, laki mbili, atakubali, anataka tu itoke, laki mbili, na kwa tatu zinazobaki unanunua ndama mwingine, haya, sema, na ulimi hautaki, ulimi uliokimbia miaka sabini na moja bila kuchoka leo umekaa chini kama punda wa sokoni, kwa sababu huyu ataendelea kufuta, saksafoni itaondoka naye atafuta hewa, usiku atalala anamhesabia marehemu pumzi... "Mama Catherine," anasikia sauti yake, "hiyo haivuji. Haijawahi kuvuja."

Elizabeth hainui macho. "Umejuaje?"

Na neno lile la siku zote, wanasema, limeshafika kwenye meno, tamu, jepesi, lina watu wengi wa kulibeba, Nkasiogi analimeza pamoja na chai baridi na utando wake, pindo la kanga limelegea kiunoni, hata haligusi, kitambaa kinapita shingoni, kinarudi, kinapita, naye anatafuta pa kuanzia, na kila anapopashika pana jina moja tu, lake.