Mwanafunzi wa Karatasi

Maswali ya vibali vya wageni pale hotelini Malindi akiulizwa Priscilla, karani wa ofisi, naye akiyajibu kwa madaha. Mgeni aweza kuanza kazi na viza ya matembezi? Hawezi. Akihamia kwa mwajiri mwingine, kibali chamfuata? Hakimfuati, aombe upya. Aliulizwa hata ngazini, akajibu bila kusimama. Swali moja tu ndilo alilolijibu kwa uongo, tena kwa maandishi, na sahihi yake chini.

Swali lenyewe ni hili: mgeni akiombewa kibali cha kazi, ni Mkenya gani anayefundishwa kazi hiyo ili kesho aishike yeye? Hoteli ilimtaka mpishi wake wa Kiitaliano, na mpishi huyo hakutaka kufundisha mtu. Akiona mtu amemsimamia nyuma jikoni, hufoka. Meneja akasema, "Andika jina lolote, ni karatasi tu." Priscilla akaandika Dena Mwaro, mtoto wa shangazi yake wa Matsangoni, ambaye Priscilla mwenyewe alimtafutia kazi ya kuosha vyombo pale hotelini. Na kwa nini Dena? Kwa sababu nambari ya kitambulisho chake alikuwa nayo kwenye simu. Uvivu tu, hakuna kingine. Dena hakuambiwa.

Na afadhali angekuwa hataki upishi. Mara tatu alimjia Priscilla: "Dada, nisemee kwa meneja, nami nijifunze kupika." Mara tatu Priscilla alimwambia nafasi hakuna, avumilie. Alijitia hamnazo, akaendelea na chai yake.

Miaka miwili ikapita, kibali kikataka kuongezwa muda, na afisa wa uhamiaji, Bwana Ochola, akaja kujionea. Mtu mpole, wa kupangusa viatu mlangoni. Akafungua faili mbele ya meneja na Priscilla, akasema, "Naomba kumwona huyu Dena Mwaro."

Dena akaletwa, povu la sabuni bado mikononi. Akaamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dena, hapa imeandikwa umefundishwa upishi miaka miwili. Ni kweli?"

Dena alimtazama afisa, kisha akamtazama Priscilla. Priscilla alijua jibu la kweli lingemtoa kazini, pengine limfikishe kortini, kwa kuwa aliyetia sahihi ni yeye, si meneja. Akainamisha macho kwenye faili. Mimi simtetei: neno moja lingetosha, na hakulisema.

"Ni kweli, mzee," alisema Dena. "Nimefundishwa."

"Mbona basi bado unaosha vyombo?"

Dena alijipangusa povu mikononi. "Kichwa changu kizito, mzee. Nafundishwa leo, kesho nimesahau. Shefu amejaribu mpaka amechoka."

Meneja akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Priscilla aliona haya hata masikio yakamwaka. Alikuwa akimjua Dena tangu utotoni, na hakuna kitu Dena alichowahi kuhitaji kuonyeshwa mara mbili.

Ochola akataka barua: Mkenya huyu amefundishwa, ameshindwa, naye mwenyewe akubali kwa sahihi. Priscilla akaichapa papo hapo. Alipofika kwenye maneno "hana uwezo wa kujifunza" alikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Nakala mbili. Dena alisoma yake polepole, kidole kikifuata mstari, akazitia sahihi zote mbili. Afisa akachukua moja, meneja akamsindikiza hadi garini.

Wakabaki wawili.

"Nisamehe, Dena," Priscilla alisema.

"Jina langu limekaa humo tangu lini?"

"Tangu kibali cha kwanza."

"Kwa hiyo nilipokuwa nikija kukubembeleza, karatasi ilikuwa humu kabatini?"

Priscilla alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ilikuwa humu."

Dena akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa saa. Akaikunja nakala iliyobaki, akampa.

"Basi ulivyonificha ile, nifichie na hii," akasema. "Shangazi yako asije akaisikia."