Usukani wa Kushoto

Watu waliokuja mnadani walilizunguka gari la marehemu mume wangu, wakiligongagonga boneti kama wanaochagua tikiti maji. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa zangu, nimefumba macho.

"Mama, shuka basi," dalali alinibembeleza dirishani. "Wateja watadhani na wewe unauzwa."

"Waambie bei yangu hawaiwezi."

Alicheka, akaniacha. Binti yangu alikuwa pembeni, amenuna. Ni yeye aliyenishawishi niuze, kwa kuwa nilikuwa nahamia kwake ghorofani, ambako hakuna hata pa kuegesha baiskeli. Nilikubali kwa mdomo tu. Moyo uligoma, maana ndani ya gari lile ndimo nilimoendelea kumsikia mume wangu.

Lilitoka Marekani kwa meli: milango miwili, silinda nane, usukani kushoto. Magari mengine yote ya hapa nchini usukani uko kulia. Kwa hiyo mume wangu akiwa nyuma ya lori, haoni mbele. Ninayeona ni mimi, niliyekaa kulia. "Twende?" ananiuliza. "Bado." "Sasa je?" "Bado, kuna basi." Halafu namwambia haya, pita, injini inanguruma mpaka kifuani, tunalipita lori tukicheka kama watoto waliotoroka shule. Mkaidi yule, asiyemsikiliza hata mama yake mzazi, barabarani alinisikiliza mimi.

Nje bei ilikuwa inapanda. Sauti ya dalali ilinijia kwa mbali, kama redio ya jirani. Mume wangu alikuwa ameshika usukani, amevaa shati lake la mikono mifupi, ananukia sabuni. "Twende?" akaniuliza. Nikatazama mbele. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari hata moja, lakini nikamwambia, "Bado."

Nyundo ikagonga. Mlango wa kushoto ukafunguliwa, akaingia mnunuzi, daktari wa meno.

"Shikamoo, mama. Sijawahi kuendesha la namna hii. Utanisaidia kutoka hapa getini? Sioni kitu."

"Marahaba. Taratibu. Mwache huyo wa pikipiki apite. Haya, ingia."

Kwenye kituo cha mafuta alisimama. Mkewe alikuwa anamsubiri hapo. "Hamia nyuma, mama, tukurudishe mnadani kwa binti yako," alisema daktari.

"Hapana, mwanangu. Nitarudi kwa miguu, si mbali."

Nikashuka, nikamshikia mkewe mlango. "Usimwambie apite kabla hujaona vizuri," nilimwambia. "Unachokiona wewe, yeye hakioni."

Wakaondoka. Nilibaki nimesimama na mkoba wangu, nikizitazama taa nyekundu za nyuma za gari zikififia. Miaka yote ile sikuwahi kuliona likienda zake, kwa sababu kila lilipoondoka nilikuwa ndani. Nililia palepale kando ya pampu, mbele za watu, wala sikuona haya.