Shahidi Ajibu kwa Sauti

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa kuandika kumbukumbu za mahakama, na mshahara wa kwanza nimelipwa vitunguu. Sikulalamika. Kwenye darasa la jioni ninakosomea hati mkato, wapo wenzangu wangevikimbilia vitunguu hivyo.

"Kooorti!" akaita karani, mama mnene mwenye ufagio. Tukasimama. Hakimu akaingia. Alikuwa bata mzinga ndani ya joho jeusi. Akainama, tukainama, akakaa.

Taipureta iliyokuwa mbele yangu ikakohoa.

"Hujambo, Mama Tunu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi ni hii: kinachosemwa, unaandika. Usipokiandika, kinaanguka."

Nikadhani inanitania kwa ugeni wangu. Wakili mmoja akasema "kwa heshima na taadhima", mimi nikachelewa, na ile heshima na taadhima yote ikaanguka sakafuni, pu! Karani akaja kufagia. Chini ya benchi palikuwa na rundo la "eeh" na "yaani".

"Jamani, semeni polepole," alisema. "Mgongo huu ni mmoja."

Kesi ikaitwa. Ilikuwa ya mwanangu Tunu, anayekaribia miaka minne na hajawahi kutamka neno. Mlalamikaji ni wifi yangu Zamda, ambaye tunaishi naye.

"Mheshimiwa, mtoto huyu ni bubu. Naomba iandikwe hivyo, ipigwe mhuri, tupumzike."

"Mhuri ukishagongwa haufutiki," taipureta ikaninong'oneza. "Atabaki hivyo."

Nikarudisha vidole kwenye vibonye.

Tunu anapandishwa kizimbani. Kichwa tu ndicho kinachoonekana.

"Wewe ndiye Tunu?" anauliza hakimu.

Tunu anaitikia kwa kichwa.

"Shahidi ajibu kwa sauti. Kichwa hakiandikiki."

Anaitikia tena, kwa adabu zaidi. Hakimu ananyoosha bawa kuuchukua mhuri. Mimi, haraka haraka, napiga: NDIYO.

Taipureta inagoma.

"Nani kasema ndiyo?"

"Kakubali kwa kichwa. Mimi mama yake, namwelewa."

"Hapa wewe ni mwandishi. Mwandishi hamwekei shahidi maneno mdomoni."

Nikamtazama mwanangu. Kweli, NDIYO yangu ilikuwa mdomoni mwake, imemjaza mashavu kama andazi la moto. Karani akaweka ufagio kando, akaivuta. Nyuma yake ikatoka KASHIBA. Ikafuata HATAKI. Ikafuata ANAWASALIMIA, ndefu kama utumbo, tukaivuta watu watatu.

"Haya ya nani?" akauliza hakimu.

"Yangu, Mheshimiwa."

"Yote?"

"Yote."

Mahakama ikawa kliniki. Nesi anamuuliza Tunu panapomuuma, na mimi nishafungua kinywa kujibu. Kliniki ikawa mlango wa jirani, jirani anamuuliza Tunu amekula nini, na kinywa changu kiko wazi vilevile. Tukarudi mahakamani. Hakuna aliyeshangaa.

"Sasa nifanye nini?" nikaiuliza taipureta.

"Inua vidole. Nyamaza. Subiri."

Nikainua vidole. Kimya kikaingia kwa mlango wa mashahidi, kimevaa kandambili, kikaomba nafasi, kikakaa karibu nami. Ni kizito, benchi likainama. Zamda akaguna. Mguno ukaanguka, karani akaufagia. Nilitamani kumsaidia mwanangu hata kwa herufi moja. Nikauma ulimi.

Kimya kikatazama saa yake, kikaniaga, kikatoka.

Tunu akafungua mdomo.

Alianzia mbali. Alieleza kwa nini sweta la kijani linamkera, paka anakwenda wapi mchana, na nani hasa alikalia miwani ya shangazi ikavunjika: shangazi mwenyewe. Niliandika bila kuinua macho. Machozi yakidondoka, taipureta inayapangusa kwa utepe wake na kuniambia, "Andika, mama, andika."

Zamda akaruka. "Muongo huyo, Mheshimiwa!"

Hakimu akageuza shingo taratibu.

"Mama, bubu anadanganyaje?"

Mahakama nzima ikacheka, na kicheko chote nikakiandika, hakikuanguka hata kidogo. Hakimu akauweka mhuri chini ya bawa, akaulalia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jikoni, wifi alikuwa anamnywesha Tunu uji.

"Umetosheka, mwanangu?" akamuuliza, huku ananitazama mimi, kama kawaida.

Nilishafungua kinywa. Nikakifunga. Wifi akangoja, akashangaa, akamgeukia mtoto.

"Bado," akasema Tunu.

Wifi akaachia kijiko. Mimi nikapiga magoti pale sakafuni, nikamkumbatia, lakini hilo neno sikulirudia, nikamwachia mwenyewe. Alilisema mara ya pili, na ndipo nikasikia vizuri: sauti ilikuwa imemkauka, inakwaruza, kama ya mtu aliyekesha akitoa ushahidi.