Mkono wa Kinyozi

Wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa kinyozi. Alikuwa na udhuru mzuri: ameshika wembe, na kisogo cha mteja kilikuwa kimenyolewa nusu. Lakini ukweli ni kwamba alipenda kuwatazama watu wakisali. Uso wa mtu barabarani, aliwaza, huwa umefungwa kama duka siku ya mapumziko. Akifumba macho mbele ya Mungu wake, mlango huachwa wazi na mpita njia akachungulia hadi ndani. Kwa namna hiyo alikwisha kuona mengi ambayo hakuambiwa. Seremala mwenye kifua kama ngoma, aliyeingia akijigamba, midomo ilimcheza kama ya mtoto anayezuia kilio. Mwalimu mstaafu, mpole wa wapole, alikunja ndita kana kwamba anamdai Mungu maelezo.

Vijana wa kanisa, walioongoza sala hizo, walikuwa wakija kila Alhamisi saa sita mchana. Walianzia gereji, wakapita duka la dawa, kisha wakaingia kwa kinyozi na Biblia zao kwapani. Hawakuhubiri sana. Waliuliza swali moja tu: "Tukuombee nini?" Watu wakataja mgongo, mtihani, mume asiyepiga simu. Mnene, kinyozi wa kiti cha pili, hakukosa la kusema.

"Mimi niombeeni mke. Awe mpole, mcheshi, tena awe kiziwi kidogo, maana ninavyokoroma najijua."

Duka zima likaangua kicheko, na vijana nao wakacheka, kisha wakamwombea mke kwa dhati kabisa. Zamu ya kinyozi ilipofika, jibu lake lilikuwa lile lile: "Mimi sina neno. Waombeeni wateja."

Alhamisi hiyo aliyeongoza sala alikuwa msichana mgeni katika ziara hizo, ingawa hakuwa mgeni mtaani. Alifanya kazi katika duka la kutoa nakala mkabala na kinyozi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua. Kinyozi akainua macho kwenye kioo apate kuuona uso wake. Akakuta macho mawili yamefumbuliwa, nayo hayakuwa yakimtazama usoni. Yalikuwa yakiutazama mkono wake.

Mkono ulikuwa ukitetemeka. Wembe ulicheza hewani kama jani la mgomba penye upepo mdogo.

Miezi minne aliificha siri hiyo. Alijifunza kuegemeza kiganja kichwani mwa mteja kabla ya kugusa ngozi. Ndevu za kuchongwa alimsukumia Mnene, akisingizia macho kuuma. Chai aliacha kunywa mbele za watu. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Lakini wahenga hawakuwa vinyozi. Nani atampa koo lake mtu ambaye mkono wake haumtii?

"Na mkono unaotafuta riziki humu ndani, Bwana," msichana alisema, bila kubadili sauti, "wewe unaujua kuliko mwenyewe. Utulize. Naye mwenyewe umtulize. Amina."

"Amina!" Mnene aliitikia kwa nguvu zaidi ya wote, akidhani ni mkono wake.

Usiku ule kinyozi hakupata usingizi wa maana. Kilichomkosesha si hofu peke yake, bali udadisi. Aliwezaje mtu kuona jambo kama lile na asiligeuze umbea? Kesho yake akavuka barabara na kitambulisho mkononi.

"Nakala ngapi?" msichana aliuliza.

"Moja. Wewe husali macho wazi?"

"Na wewe je?"

"Mimi sisali. Mimi hutazama."

Msichana akacheka, akafunika mashine. "Nilikuwa nafumba. Siku moja tulimwombea mama mmoja pale stendi apewe nguvu. Tukasali vizuri mno, tukasema amina, tukaenda zetu. Kumbe mtoto wake mgongoni alikuwa anaungua homa. Tulisimama karibu hivi, hakuna aliyemwona. Tuliambiwa kesho yake kwamba mtoto amelazwa. Tangu hapo nafumbua macho. Wenzangu wananisema, lakini nitafanyaje?"

"Mbona hukuwaambia habari ya mkono wangu?"

"Ombi si tangazo." Akampa nakala yake. "Umekwenda hospitali?"

"Ala! Mnasali, kisha mnatuma watu hospitali?"

"Kwani hospitali ni ya nani?"

Kinyozi akaukunja mkono ndani ya mfuko. "Na wakiniambia niache kazi?"

Wengi wangemwambia usiogope, yote yatakuwa sawa. Msichana alifikiri kwanza. "Sijui watakwambia nini," alisema. "Nami pia nataka kujua. Kama hutojali, nitakusindikiza."

Walikwenda Jumatatu, siku ambayo duka la kinyozi hufungwa. Kwenye benchi la kungojea, kinyozi alimwinamia na kumnong'oneza: "Tafadhali, usianze kusali hapa kwa sauti."

"Nimeshasali njiani, ulipokuwa unanieleza namna ya kunoa wembe."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Alimtaka anyooshe mikono, amimine maji kutoka kikombe hiki hadi kile, achore mstari unaojizungusha kama gamba la konokono. Mstari ulitoka una meno kama msumeno. Akampima damu na tezi ya shingo, akamwambia arudi baada ya wiki. Aliporudi, akisindikizwa tena, daktari alisoma karatasi, kisha akaiweka kando.

"Si kiharusi, wala si ugonjwa wa kuua. Ni mtetemo tu. Mara nyingi hurithiwa. Kuna dawa za kuupunguza, ila hakuna ya kuung'oa. Nyumbani kwenu nani mwingine mikono humtetemeka?"

"Hakuna," kinyozi alisema haraka. Kisha akasita. "Baba. Lakini yeye ni pombe."

"Ilianza ipi?"

"Sijakuelewa."

"Pombe na kutetemeka. Ilianza ipi?" Daktari aliuliza bila kuinua kalamu. "Nakuuliza kwa sababu glasi moja huutuliza mtetemo huu kwa saa chache. Wako wanaoligundua hilo wenyewe. Wanaifanya dawa, halafu dawa inawafanya mateka."

Kinyozi alitoka na karatasi ya dawa, akampita msichana bila kumwona, hadi alipoitwa.

Baba yake alikuwa fundi saa. Wakati kinyozi yuko shule ya msingi, hapakuwa na saa iliyomshinda mzee yule. Alizifungua kwa koleo nyembamba kama nywele. Kisha zikaja siku za skrubu kudondoka, wateja kunung'unika, chupa kufichwa nyuma ya kabati. Mama alipochoka alichukua watoto na kuondoka. Kinyozi alikua akijua jambo moja kwa uhakika: baba alichagua chupa. Mwaka wa sita sasa hawakuwa wameonana.

Jioni ile alimkuta mama yake akikunja nguo.

"Mama, baba alianzaje kunywa?"

Mama hakupenda swali. "Kama wanavyoanza wote."

"Wote wanaanzaje?"

Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Asubuhi," alisema hatimaye. "Hilo ndilo lililoniudhi. Wenzake walikunywa jioni na rafiki zao, yeye peke yake, asubuhi, kabla ya kufungua duka. Glasi moja. Alisema inamtuliza."

"Inamtuliza nini?"

Mama alimtazama mwanawe, na uso wake ukazeeka palepale. "Sikumuuliza, mwanangu."

Dawa zilisaidia. Wembe ulipunguza kucheza, ingawa asubuhi nyingine ulikumbuka mchezo wake, naye akampa Mnene kazi ya wembe, akashika mashine. Safari hii hakusingizia macho. Mnene akaweka kitana chini, akasema, "Basi ndevu ni zangu, lete. Vichwa ni vyako, chukua. Ulikuwa unaniogopa mimi? Mimi ninayeomba mke kiziwi hadharani?"

Kiongozi wa vijana alifurahi mno kusikia habari hizo. "Ndugu yangu, Jumapili utatoa ushuhuda!"

"Ushuhuda wa nini? Mkono bado unatetemeka."

Msichana wa nakala ndiye aliyejibu, taratibu: "Basi ngoja. Huenda ushuhuda haujaisha."

Neno hilo lilimkaa kinyozi kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Jumatatu iliyofuata, saa tisa alasiri, alikuwa amesimama kwenye kona karibu na bohari ya mbao ambako aliambiwa baba yake analinda geti. Msumeno wa bohari ulilia, ukanyamaza, ukalia. Akajikuta anasema, macho wazi, kwa sauti ya chini: "Mungu, mimi ni yule kinyozi. Sijui watu huanzaje. Sitaki kumlaumu, wala sitaki kumsamehe haraka haraka. Nataka kujua tu. Nisaidie niulize vizuri."

Hapakutokea kitu. Mwanamke mwenye mwavuli alimpita akimtazama kwa wasiwasi. Akaenda.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mfukoni mwa koti, ingawa jua lilikuwa kali. Alikonda. Alimtambua mwanawe kabla hajafika, lakini hakuinuka.

"Umekuja kunizika au kuninyoa?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kinyozi akatafuta pa kukaa, akapata kipande cha gogo. Maneno yote aliyoyapanga yalimtoroka, likabaki moja.

"Baba, mikono yako ilianza kutetemeka lini?"

Mzee akageuka kwa ukali. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Hapana, baba." Kisha, kwa kuwa hakuwa na ushahidi mwingine, akaunyoosha mkono wake wa kuume kati yao wawili na kuuacha pale, hewani, bila kuuzuia.

Mzee aliutazama. Aliutazama kama alivyozitazama saa zamani, kabla ya kuzifungua, kichwa kimeinama upande mmoja na pumzi ameibana. Ndani ya bohari msumeno ulianza tena. Mzee akautoa wake mfukoni, midomo ikisema kitu.

"Saa ya mwanamke," kinyozi alisikia, "ndogo, haifiki hata ukucha wangu huu. Mwenyewe alikuwa amesimama hapo, ananingoja..."

Kinyozi akasogeza gogo lake karibu, asipitwe na neno.