Magoti ya Redio

Mtaani walimwita Redio, maana hata umeme ukikatika yeye alikuwa hazimiki. Alikuwa kinyozi, na kichwa kilichoingia mikononi mwake kilitoka kimepunguzwa nywele na kuongezwa habari. Sasa alikuwa anauza fleti yake, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, na mdomo wake ulikuwa umeshawafukuza wateja wawili. Wa kwanza alisimuliwa maisha yote ya bomba la bafuni. Wa pili alielezwa habari za jirani anayejifunza tarumbeta, tena Redio akamwigizia. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikukoma.

Ndipo akaenda kwa wakili, binti wa umri wa kuwa mwanawe. Wakili alimsikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akamwonyesha kwenye mkataba kuwa bomba limo, paa limo, hata tarumbeta imo. Mnunuzi atajisomea.

"Kazi yako ni ndogo, mzee," akamwambia. "Usipoulizwa, nyamaza. Ukiulizwa, sema kweli. Uongo mmoja unaweza kuuvunja mkataba wote."

Redio akakubali, lakini lile la kweli lilimkaa kooni. Mtaa mzima alikuwa ameutangazia kuwa anauza kwa sababu magoti yake yamechoshwa na ngazi. Nyumbani aliingia akichechemea, na kila jioni mkewe alimkanda kwa mafuta, naye akalalama inavyostahili. Magoti mabovu yalikuwa ya mkewe. Mama huyo hakukubali kushindwa na kitu, sembuse ngazi. Angejua nyumba inauzwa kwa ajili yake, angekataa kutia saini, na bila saini ya mke hakuna mauzo. Fleti ya chini waliyoipata mtaa wa pili ingechukuliwa na wengine, na mama angebaki kifungoni ghorofa ya nne.

Siku ya siku mnunuzi akaja, mwalimu wa hesabu. Redio alishuka kumpokea langoni, akampandisha, akaketi kando ya wakili, kimya, midomo ameibana. Mkewe alikuwa jikoni akipanga vikombe. Mwalimu alisoma mkataba ukurasa kwa ukurasa. Bomba halikumshtua. Tarumbeta ilimchekesha. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mzee, kinyozi akinyamaza mimi naingiwa na wasiwasi," akasema. "Nimesikia unauza kwa sababu ya magoti. Lakini ngazi umezipanda unaziruka mbili mbili, mimi nahema nyuma yako. Unauza kwa nini hasa?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi; ya huyu ilikuwa na ghorofa nne. Redio alimtazama wakili, wakili akatazama dari. Jikoni vikombe viliacha kugongana. Aliona haya, akaogopa, akatamani aulizwe habari za bomba.

"Magoti ni ya mke wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Hajashuka ngazi tangu mvua zianze. Ukimuuliza, atakwambia hana hamu ya kutoka. Nami sikutaka aone kwamba nimeona."

Mkewe akatokea, mkono ukutani, mguu akiuburuza bila kuuficha. Alimtazama mumewe, na Redio akajua kuwa fleti zote mbili zimekwenda na maji.

"Kwa hiyo," mama akasema, "siku zote hizi nakanda magoti mazima?"

Redio akayafunika magoti yake kwa viganja. Wakili akapekua makaratasi yake; ushauri wa hapo hakuusomea. Mama akausogeza mkataba, akatafuta mahali pake, akatia saini taratibu, akamkabidhi mwalimu kalamu. Mwalimu naye akasaini upesi.

Kisha mama akavuta kiti, akaketi, akaupandisha mguu wake juu ya mapaja ya mumewe, mbele za wageni.

"Mafuta," akasema, "unajua yalipo."